Robo Sekunde Mkononi: Kizuia Mtikisiko Kinakusaidia Wapi na Kinakuacha Wapi

Chukua uchochoro wa Mji Mkongwe, Unguja, saa mbili usiku: taa moja ya ukutani na mlango wa nakshi pembeni yake. Kwa lenzi ya 35mm iliyofunguliwa f/4 (kipimo cha tundu la lenzi) na ISO 800 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), mwanga hafifu wa namna hiyo unaweza kudai shata, pazia linaloingiza mwanga, ikae wazi kama robo sekunde. Mikono mitupu ya mtu wa kawaida haiwezi kuituliza kamera kwa muda huo. Itabidi upandishe kasi hadi 1/30 ya sekunde, na ili picha isitoke nyeusi upandishe ISO hadi 6400, na hapo chembechembe zitameza nakshi ulizozifuata. Kizuia mtikisiko, kifaa cha ndani ya kamera au lenzi kinachofidia mtikisiko wa mkono, kinakuruhusu kubaki kwenye ISO 800 na robo sekunde yako.

Faida hiyo ni kubwa na ni ya kweli. Tatizo ni kwamba boksi la kamera likiandikwa "stopu 8" (kila stopu inaongeza muda wa shata maradufu), wengi husoma ahadi ambayo haimo, kwamba picha yoyote ya kitu chochote itatoka safi bila stendi. Kuna misogeo ya aina tatu inayoweza kuharibu picha ya shata ya polepole: kamera kuzunguka mkononi, kamera kuhama kutoka mahali pake, na kinachopigwa picha kusogea. Kifaa hiki kinaimudu ya kwanza vizuri, ya pili kidogo, na ya tatu hakiigusi kabisa.

Pembe ndogo, madhara makubwa

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isiwe ndogo kuliko moja juu ya milimita za lenzi, namba inayoonyesha lenzi inakuza kiasi gani. Lenzi ya 50mm, 1/50. Ya 200mm, 1/200. Milimita hizo ni za kihisi (sehemu ya kamera inayopokea taswira) kikubwa cha fremu kamili. Kwa vihisi vidogo vya APS-C unazidisha kwa 1.5 (Canon ni 1.6), na kwa Micro Four Thirds, vidogo zaidi, kwa 2, kwa hiyo lenzi ya 50mm kwenye Nikon au Sony ya APS-C inadai kama 1/75.

Kanuni hiyo ina hesabu nyuma yake. Mkono ukiizungusha kamera kwa nyuzi 0.05 tu, pembe ambayo jicho halioni, taswira inayotupwa na lenzi ya 50mm inahama kwenye kihisi kwa kama milimita 0.044. Kihisi cha fremu kamili chenye megapikseli 24 kina pikseli za upana wa mikromita 6, kwa hiyo kila nukta imeburutwa juu ya pikseli 7. Funga lenzi ya 200mm, uzungushe kwa pembe ileile, na mburuto unafika pikseli 29. Ndiyo maana lenzi ndefu ni kali kwa mikono: haiongezi mtikisiko, inaukuza.

Kanuni hii ilizaliwa enzi za filamu na machapisho madogo. Ukiwa na kamera ya megapikseli 45 na tabia ya kukuza picha asilimia 100 kwenye kompyuta, ongeza stopu moja ya tahadhari. Stopu moja maana yake ni kuzidisha au kugawanya muda kwa mbili: kutoka 1/60 kwenda 1/30 ni stopu moja, 1/15 ni ya pili, 1/8 ya tatu, 1/4 ya nne, 1/2 ya tano. Stopu nane kutoka 1/60 zingekufikisha sekunde nne. Hesabu inakubali, mikono ina maoni yake.

Ndani ya kifaa

Kazi inaanzia kwenye jairo, vipande vidogo mno vya silikoni ambavyo havijui kamera imeelekea wapi, bali vinapima inazunguka kwa kasi gani. Kichakataji kinajumlisha kasi hizo ili kupata pembe, kinaizidisha pembe kwa milimita za lenzi, na kupata umbali ambao taswira imehama. Kisha sumaku za umeme zinasukuma kitu upande unaofaa kwa umbali huohuo. Kwenye lenzi zenye alama kama IS ya Canon, VR ya Nikon, OSS ya Sony au VC ya Tamron, kinachosukumwa ni kundi la vioo ndani ya lenzi. Kwenye kamera zenye IBIS, yaani kizuia mtikisiko cha ndani ya kamera, ni kihisi chenyewe kinachoelea katikati ya sumaku.

Njia ya lenzi ndiyo iliyotangulia. Canon iliiweka kwenye lenzi yake ya EF 75-300mm mwaka 1995. Minolta ilikuja na kihisi kinachosogea kwenye DiMAGE A1 mwaka 2003, na Olympus OM-D E-M5 ya mwaka 2012 ikaleta mhimili wa tano. Mihimili mitano ni hii: kamera kuinamia mbele na nyuma, kugeuka kushoto na kulia, kulala upande, kisha kuhama mlalo na kuhama wima. Kulala upande, pale upeo wa bahari unapokwenda mshazari, kunaweza kurekebishwa na kihisi tu. Vioo vya duara ukivizungusha havibadilishi kitu.

Ni ipi bora? Kwa lenzi fupi na za kati, kihisi kinatosha na kinahudumia hata lenzi za zamani. Kwa lenzi ndefu, nafasi inakuwa finyu. Mwili ukiyumba nusu digrii nyuma ya lenzi ya 300mm, taswira inahama milimita 2.6, na kihisi hakina uwanja mpana wa kuifuata kila inakokwenda. Kundi la vioo linafanya kazi hiyohiyo kwa mwendo mdogo zaidi. Kamera za kisasa huunganisha vyote viwili pale lenzi na bodi (mwili wa kamera) vinapoelewana, na namba kubwa za matangazo zinatoka kwenye ndoa hizo. Stopu 8 za Canon EOS R5, kwa mfano, zinahusu lenzi maalumu, na maandishi madogo chini ya jedwali hutaja lenzi na hata milimita zilizotumika.

Vipimo hivyo hufanywa kwa utaratibu wa CIPA, chama cha watengenezaji kamera chenye makao Japani. Kamera hufungwa kwenye mtambo unaoitikisa kwa mpangilio maalumu, na picha zake hulinganishwa na za kamera isiyosaidiwa. Utaratibu wa mwaka 2012 ulipima kuinama na kugeuka tu. Toleo la mwaka 2024 limeongeza kulala upande. Mtambo haupumui, haujanywa kahawa, na hauna upepo wa bahari mgongoni. Ukipata stopu tatu au nne kila siku kutoka kwenye kamera iliyoandikwa saba, hujaibiwa.

Halafu kuna ukuta wa muda. Jairo ina kosa dogo, na kwa kuwa pembe inapatikana kwa kujumlisha, kosa hilo linalimbikizana. Mtetemo wa asili wa mikono, ule wa mara 8 hadi 12 kwa sekunde, kifaa kinaukamata vizuri. Kinachokishinda ni mwendo wa taratibu: pumzi, mapigo ya moyo, mwili kuyumba juu ya nyayo. Mwendo wa namna hiyo hufanana mno na kosa la jairo yenyewe, na kamera haiwezi kuwa na hakika kama ni wewe unayesogea au ni kipimo chake kinachoteleza.

Dunia nayo imo kwenye hesabu. Mwaka 2016, Olympus ilipotoa E-M1 Mark II yenye stopu 6.5 ikiwa na lenzi ya 12-100mm, watu wake walieleza kwamba mzunguko wa dunia unaiingilia jairo. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Ukiwa karibu na Ikweta na kamera ikielekea mashariki, mzunguko huo wote unasomeka kama kamera inayoinamishwa. Kwa lenzi ya 50mm ni mikromita 3.6 kwa sekunde, chini ya pikseli moja. Kwa sekunde mbili umeshavuka pikseli. Kamera zilizofuata zimeipita namba ile ya 6.5, lakini mtu anayepiga 1/4 hana haja ya kuihofu dunia. Ahofie viwiko vyake.

Pale kisipokusaidia

Rudi kwenye uchochoro wetu. Mtu anapita mita tano mbele ya kamera kwa mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde. Katika robo sekunde amesogea sentimita 35. Kwa lenzi ya 35mm, mburuto wake kwenye kihisi ni kama pikseli 400. Mlango utatoka safi na mtu atatoka moshi, na hakuna idadi ya stopu itakayombadilisha. Kwa anayetembea anza na 1/125, na 1/250 ni salama zaidi. Anayezungumza ameketi, 1/60. Aliyetulia kabisa akitazama lenzi, 1/15 inawezekana ukipiga kadhaa na kuchagua. Wanaopiga harusi ukumbini huangukia hapa mara nyingi: wanaamini kizuia mtikisiko, wanashusha shata hadi 1/20, na bibi harusi anatoka bila vidole.

Kutambua chanzo cha ukungu si kazi ngumu. Kuza picha na utafute taa au nukta yoyote yenye mwanga. Taa zote zikiwa vistari vinavyoelekea upande mmoja, kamera imetikisika. Vistari vikiwa vifupi katikati na virefu pembeni, vikizunguka, kamera imelala upande. Ukuta ukiwa safi na mtu peke yake ndiye ana ukungu, mtu ndiye aliyesogea. Taa zikiwa miduara laini huku kitu kingine mbele au nyuma kikiwa kikali, umekosa fokasi, na kosa hilo halina uhusiano na shata.

Picha za karibu sana, za wadudu au pete, zina tabia yake. Huko kuhama ndiko kunakotawala kuliko kuzunguka. Kwenye ukuzaji wa 1:1, taswira kwenye kihisi ikiwa na ukubwa sawa na kitu chenyewe, kamera ikihama sehemu moja ya kumi ya milimita, taswira inahama vilevile, sawa na pikseli 17. Canon ilipotoa lenzi ya 100mm Macro yenye kurekebisha kuhama mwaka 2009, yenyewe ilitaja stopu 4 kwa picha za kawaida na 2 tu kwa 1:1. Na kuyumba mbele na nyuma, kunakoondoa fokasi, hakurekebishwi na sumaku yoyote. Kwa kazi hiyo tumia flashi.

Lenzi pana sana nazo zina kasoro inayoshangaza wengi: katikati safi, pembe za picha zina mburuto. Kamera yenye lenzi ya 14mm ikizunguka, pembe za taswira hazihami kwa kiasi sawa na katikati, zinanyooka pia. Kihisi kinaweza kusogea kwa kiasi kimoja tu, na hicho huchaguliwa kwa ajili ya katikati.

Na kuna kosa la menyu linalowakuta sana wapenzi wa lenzi za zamani. Lenzi isiyo na mawasiliano ya umeme, kama Helios ya 58mm, haiwezi kuiambia bodi milimita zake, kwa hiyo unaziandika mwenyewe. Tuseme uliacha 135 ya lenzi iliyotangulia. Kamera inasukuma kihisi kwa hesabu ya 135 wakati kinachohitajika ni 58, inapitiliza, na kosa linalobaki ni mara 1.3 ya lile ambalo ungekuwa nalo kama ungezima kila kitu. Ukiacha 28, inarekebisha nusu tu, na faida yako ni stopu moja. Menyu isiyo na 58 ichagulie 55 au 60, tofauti haitaonekana. Lenzi ya zumu isiyo na mawasiliano ni karaha: kila ukizungusha zumu, namba imepitwa. Ukilazimika, andika milimita fupi kabisa za zumu hiyo. Kurekebisha pungufu kuna afadhali kuliko kupitiliza.

Mikono kwanza

Kifaa kinapunguza mtikisiko kwa uwiano, kwa hiyo ukiupunguza mwenyewe kwa nusu, unapata stopu nzima juu ya zile za kiwandani. Kiganja cha kushoto kikae chini ya lenzi kikibeba uzito, si ubavuni kikiibana. Viwiko vigandamane na mbavu. Dirisha la kutazamia ligusane na nyusi, maana kichwa ni nguzo ya tatu. Ukishika kamera mbali na uso ili utazame skrini, umeitupa nguzo hiyo. Mguu mmoja mbele kidogo, magoti yasikakamae. Ukipiga goti, weka mnofu wa juu ya kiwiko kwenye goti, usiweke ncha ya kiwiko juu ya mfupa wa goti, kwani mfupa juu ya mfupa huteleza.

Bonyeza kitufe nusu, subiri. Mifumo mingi, hasa ya lenzi za zamani, inahitaji kati ya nusu sekunde na sekunde moja ili itulie, na kwa kizuia mtikisiko cha ndani ya lenzi utaona taswira kwenye dirisha ikitulia ghafla. Wanaobonyeza kwa pigo moja wanapiga picha wakati vioo bado vinatafuta katikati. Toa pumzi taratibu, na mwishoni, kabla ya kuvuta nyingine, kandamiza kidole bila kukiinua. Weka kamera kwenye mfululizo na upige tatu hadi tano. Ya kwanza ina mshtuko wa kidole kubonyeza, ya mwisho ina wa kuachia. Zile za kati ndizo za kuangalia kwanza.

Nguzo ya baraza, ukuta, mgongo wa kiti, vyote ni stendi za bure. Mfuko mdogo wa kitambaa wenye mchele au maharage robo tatu, ukiwekwa juu ya ukuta na lenzi juu yake, unashinda kifaa chochote cha kielektroniki. Kamba nayo haidharauliki: funga skrubu ya robo inchi kwenye tundu la stendi chini ya kamera, ning'iniza kamba hadi chini, ikanyage, kisha ivute juu ikaze. Inaua mtikisiko wa wima bila ya kuonekana kama stendi pale walinzi wanapozikataza.

Lakini chagua unachokiegemea. Kwenye pantoni ya Kigamboni usiegemee ukingo: injini inatetemesha chuma chote, na mtetemo wa haraka wa namna hiyo hauko kwenye yale ambayo jairo imeandaliwa kuyakabili. Simama katikati ya miguu yako, magoti yalainike, mwili wako ndio springi. Ndani ya gari, vivyo hivyo, usiweke kiwiko kwenye dirisha. Chombo kinachogeuka kina shida nyingine: jairo inasoma zamu yake kama kosa lako na kujaribu kuirekebisha.

Ukimfuata bodaboda kwa kamera ili yeye awe safi na mandhari yavutike, weka modi ya 2, au modi ya kufuata mwendo kwa jina lolote kamera yako inalolitumia. Hapo kifaa kinaacha upande unaokwenda na kurekebisha wima pekee. Kwenye modi ya kawaida kitakupinga kila unapogeuka. 1/30 ni pa kuanzia kwa pikipiki ya mjini.

Kamera juu ya stendi imara, zima. Mifumo mipya mingi inatambua stendi, ila ya zamani inaweza kuanza kusikia mtetemo wa sumaku zake yenyewe, kuurekebisha, na kuuzalisha upya. Kwenye kamera ya DSLR kumbuka kioo cha ndani kinachoruka kila unapopiga: kati ya 1/30 na 1/4 kishindo chake huonekana, hasa kwa lenzi ndefu, na kupiga kwa kutumia skrini kunakiondoa. Kwenye kamera zisizo na kioo, pazia la kwanza la shata ndilo lenye mshtuko, kwa kawaida kati ya 1/60 na 1/200, kwa hiyo chagua pazia la kwanza la kielektroniki. Shata ya kielektroniki kamili huogopwa kwa sababu ya michirizi ya taa, lakini umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na kwenye 1/25 au chini ya hapo mipepeso kadhaa inaingia katika kila mstari na kujisawazisha.

Simu zina vyote viwili, kizuia mtikisiko cha vioo au kihisi, na modi ya usiku, ambayo ni jambo tofauti: inapiga fremu nyingi fupi na kuzipanga moja juu ya nyingine. Ndiyo maana modi ya usiku inaweza "kukaa" sekunde tatu mkononi na bado ikatoa picha ya ukuta iliyo safi. Tumia kipima muda cha sekunde 2 au 3 badala ya kugonga skrini. Na kama simu yako inafungwa kwenye usukani wa pikipiki kutwa nzima, ujue kwamba mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwa iPhone: mtetemo wa injini kubwa za pikipiki ukidumu unaweza kuharibu sehemu hizohizo zinazoelea.

Kujua namba yako mwenyewe kunachukua nusu saa. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama mita mbili au tatu, mwanga wa chumba. Piga picha 10 kwa kila kasi: 1/30, 1/15, 1/8, 1/4, 1/2, kifaa kikiwa kimewashwa, kisha 10 nyingine za kila kasi kikiwa kimezimwa, kikizimwa anzia 1/125 ili usianzie penye ukungu tayari. Kuza asilimia 100 na uhesabu zenye herufi safi. Kasi ya polepole kabisa iliyokupa 8 kati ya 10 ndiyo yako, na pengo kati ya seti mbili ndilo stopu zako halisi. Rudia kwa kila lenzi, na kwa zumu kwenye ncha zote mbili. Kisha ingia kwenye menyu ya ISO ya otomatiki, uandike kasi hiyo kama kima cha chini cha shata na uihifadhi kwenye C1, nafasi ya kamera ya kuweka mipangilio yako, kwa ajili ya majengo, vyombo na vitu vilivyotulia. Kwenye C2 andika 1/125, kwa ajili ya watu, na huko iache ISO ipande.